Njia Niliyomkatia Orrin Stannard

"Delphine, hiyo njia unamkatia mtu apite, au unamchimbia kaburi?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu Philena Cobb, mwishoni mwa mwezi wa nane, amesimama upande wake wa ukuta wa mawe na beseni la maharage mabichi kiunoni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kichakani, msumeno mkononi, nakata mti mdogo uliozidi kidogo unene wa kifundo cha mkono wangu. Nilimaliza kuukata kwanza. Nikauburuta pembeni. Ndipo nikamjibu.

"Ameomba njia, nampa njia."

"Mbona inakwenda kombo?"

"Mlima wenyewe uko kombo."

Philena alicheka kwa pua. Tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza, tukaacha shule mwaka mmoja tulipomaliza la nane, yeye akaenda kukamua ng'ombe wa baba yake na mimi wa baba yangu. Kumficha jambo ni kazi bure.

"Mwenzangu, ukiwa na jambo jema moyoni unaimba," alisema. "Nimesimama hapa robo saa. Huimbi."

Nikachukua kopo la rangi, nikachovya brashi, nikapiga mstari mmoja mweupe kwenye mti uliofuata, urefu wa kiganja. Kwetu mstari mmoja maana yake endelea. Miwili, mmoja juu ya mwingine, maana yake geuka. Mtu yeyote aliyewahi kutembea milima hii anajua hivyo, na anaamini. Hakuna anayemwuliza mchora alama kama alikuwa na nia njema.

Aliyeomba njia ni Orrin Stannard.

Mama yake alikuwa amezikwa mwezi wa tano, juu kabisa mlimani, kwenye makaburi ya ukoo wao. Ni kipande kidogo chenye uzio wa chuma, kimezungukwa pande zote na ardhi yetu sisi kina Gagnon. Barabara ya zamani ya kupandia huko ililiwa na mvua tangu baba yangu akiwa hai. Jeneza tuliliruhusu lipite shambani kwetu likiwa juu ya trekta, kwa sababu maiti haikatazwi njia. Lakini aliye hai lazima aombe. Basi Orrin, aliyerudi kukaa peke yake katika nyumba ya mama yake baada ya miaka thelathini na moja huko viwandani kusini, aliniandikia barua ya mistari mitatu. Naomba njia ya miguu tu, aliandika, ya kwenda kumwona mama.

Nilimjibu siku hiyo hiyo. Nitakukatia mwenyewe. Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi, majani yakiwa yameiva, uanzie pengo la ukuta wako, ufuate alama zangu, upite makaburini, kisha ushuke kwangu kwa chakula. Saa sita mchana.

Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi. Nilitaka aisome hiyo tarehe aikumbuke.

Mwaka arobaini na nane nilikuwa na miaka kumi na minane, na yeye alikuwa amekuja milimani mwaka mmoja tu, mtoto wa mjini mwenye viatu vya ngozi laini, baada ya babu yake kufa na kuwaachia shamba. Tulikutana kwenye ukuta wa mawe, pale penye chemchemi. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda; yeye kwetu hakuwahi kufika. Mama yake alikuwa Stannard wa kuolewa na tena Stannard kuliko waliozaliwa. Alisema mwanawe hataingia katika nyumba yenye misalaba ukutani na watu wanaonong'ona Kifaransa jikoni. Baba yangu naye alisema hatampa binti mtu asiyejua kupiga ishara ya msalaba. Sisi tulikuwa tunacheka tu. Orrin alikuwa na namna ya kuniangalia huku amefumba jicho moja, kama mtu anayepima ubao, na mimi nilikuwa nanyooka bila kutaka.

Tukapanga. Siku anatimiza miaka ishirini na moja, asiyehitaji tena ruhusa ya mama, atakuja kwa baba yangu kuniomba. Ilikuwa inaangukia Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi. Kwa barabara hawezi, mama yake anakaa dirishani. Atapita msituni, ambako dhoruba kubwa ya mwaka thelathini na nane ilikuwa imelaza miti mpaka njia zote za zamani zimezibwa. Mwezi wa nane, kabla hajaenda kusini kuchuma matufaha apate nauli na suti, nilichana sketi ya ndani ya bibi yangu, ya flaneli nyekundu, nikapata vitambaa kumi na viwili, nikavifunga kwenye matawi kuanzia ukuta wao mpaka nyuma ya zizi letu. Nikamwambia, fuata vyekundu.

Siku ilipofika mama alichinja jogoo. Padri alikuja. Shangazi alikuja kutoka Kanada amevaa kofia yenye ndege. Tukakaa mezani saa sita. Saa saba baba akasema tusali tuanze. Saa nane padri akaomba udhuru. Kiti kikabaki kitupu, na shangazi akakiangalia kile kiti alasiri nzima kama vile kina mtu juu yake.

Jumatatu asubuhi kibarua wa kina Stannard akaja na kikapu cha matufaha. "Bibi Stannard anasema mwanawe hatakuja," alisema, "na poleni kwa usumbufu."

Jumatano nikamkubali Rosaire Lapointe. Alikuwa mtu mwema, Mungu amweke pema, na kwa miaka ishirini na saba ya ndoa hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilikubali Jumatano jambo nililolikataa tangu Pasaka.

Kwa hiyo njia niliyomkatia Orrin haikuwa na haraka. Niliianzia kwenye pengo la ukuta wake, nikaipandisha na kijito, nikaipitisha katikati ya ile miti yetu mikubwa ya mepo, tunayoigema utomvu mwezi wa tatu tukachemsha sharubati. Nilikuwa na sababu. Kwetu majani hayageuki kwa pamoja. Yanaanza ya kule bondeni kwenye matope, mekundu. Halafu miti ya magome meupe inakuwa ya manjano kama siagi. Mwisho kabisa inawaka ile miti ya mepo ya mteremkoni, rangi ya chungwa na damu na dhahabu katika mti mmoja, siku kumi tu, kisha upepo mmoja wenye mvua unapita na matawi yamebaki mifupa. Magari ya majimbo mengine yanasimama katikati ya barabara, watu wanashuka na kamera, ng'ombe wa Philena wanawashangaa. Mtu aliyeinua uso kuangalia uzuri ule hakumbuki kuangalia jua liko upande gani. Hiyo ndiyo sababu.

Niliikunja njia kidogo kidogo, mistari miwili hapa, miwili kule. Niliipitisha chini ya makaburi yao hatua arobaini tu, nyuma ya misonobari iliyosongamana, awe karibu na mama yake asimwone. Kisha nikaishusha taratibu, mpaka ikatokeza kwenye ukuta ule ule wa kwake, mita mia kutoka alipoanzia. Saa mbili kamili za kutembea. Akishagundua, atakuja mbio kwa barabara, ametoka jasho, na sisi tutakuwa tumeshakula. Nitafungua mlango nusu. Nitampa kikapu cha matufaha. Nitamwambia pole kwa usumbufu. Maneno hayo niliyafanyia mazoezi jikoni huku nakanda unga.

Wiki sita nilifanya kazi hiyo, kila siku baada ya kukamua. Na wiki sita sikupokea Komunyo. Padri aliniangalia kila Jumapili nikibaki kwenye benchi, lakini ningeungamaje dhambi ambayo bado ninaifanya? Nilisali rozari yangu huku nakata. Sitakataa kwamba kuna siku majani yalianza kuanguka juu ya mabega yangu, mwanga unapita ndani yake kama kwenye vioo vya kanisani, nikaketi juu ya gogo nikasahau nilichokuja kufanya. Nilikaa pale nikiwaza jicho moja lililofumbwa. Nikajikemea, nikasimama, nikapaka mistari miwili.

Jumapili hiyo niliwaalika watu wawili tu, kwa sababu nilitaka kuwe na macho. Philena, na kaka yangu Lucien, anayenizidi miaka sita, hakuwahi kuoa, anaishi kwenye kile chumba cha karibu na kibanda cha kuchemshia sharubati na anakula mezani kwangu kila Jumapili. Nilioka pai ya nyama. Nilitandika kitambaa cha mama. Viti vinne. Kikapu kikakaa chini kando ya mlango.

"Mbona mtu anayesubiri mgeni hafungui hata pazia?" Philena aliuliza.

"Atachelewa," nilisema.

Saa sita kasoro dakika tano mlango ukagongwa. Mlango wa mbele. Kwetu mlango wa mbele unagongwa na padri na mtu wa bima. Wengine wote wanaingia kwa jikoni. Nilifungua.

Nilitazama viatu vyake kwanza. Vilikuwa vikavu, havina hata jani moja. Ndipo nikapandisha macho. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Alikuwa ameshika kofia mbele ya tumbo, na aliponiona alifumba jicho moja kidogo tu, labda kwa ajili ya jua.

"Umepita wapi?" nilimwuliza, kabla ya salamu.

"Habari za mchana, Delphine. Nimepita barabarani."

"Nilikukatia njia."

"Nimeiona. Kazi safi. Safari hii umepaka nyeupe."

"Ndiyo rangi iliyokuwepo." Kisha nikasikia alichosema. "Safari hii?"

"Alama zako niliwahi kuzifuata mara moja," alisema. "Zilinitoa ng'ambo ya mlima, kwa mzee aliyenishikia bunduki akidhani mimi ndiye mla kuku wake. Nikaapa siku ile, kwa mwanamke yule mimi nitapita barabarani tu."

Philena alicheka, akaniona uso, akaacha.

"Ingia," nilisema, kwa sababu mtu haachwi mlangoni. Akaingia, akaketi kwenye kiti cha nne. Lucien hakumpa mkono. Alikuwa anakata pai yake vipande vidogo vidogo bila kula.

Nilibaki nimesimama. "Hukuja, Orrin."

"Nilikuja."

"Padri alikaa kiti hicho hapo. Shangazi yangu alikuwa pale. Tulikaa mpaka jogoo akaganda mafuta. Hukuja."

"Nilitoka nyumbani saa nne asubuhi. Nimevaa suti ya dola kumi na tisa." Alitia mkono mfuko wa ndani akatoa pochi, na katika pochi akatoa kitu akakiweka kwenye ukingo wa sahani yake. Kilikuwa kama ganda la kitunguu. Ilinichukua muda kuona kwamba ni flaneli. "Ulisema kumi na viwili. Nilipata vitatu. Cha kwanza ukutani. Cha pili kwenye kijito. Cha tatu kwenye mti uliolala. Cha nne sijakiona mpaka leo hii."

"Nilivifunga kwa mikono yangu. Vilikuwa wazi kabisa."

"Ulivifunga lini?"

"Mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane msitu ulikuwa kijani," alisema polepole, kama mtu anayemwamsha mwingine. "Nilikuja Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi, Delphine. Mlima mzima ulikuwa mwekundu. Kila jani lilikuwa kitambaa."

Nje upepo ulipita kwenye mepo ya uani, na majani yakagonga kioo, mekundu, moja, mawili, matano. Nilikuwa nimezaliwa chini ya mti ule. Nilikuwa nimeona majani hayo yakigeuka mara kumi na nane kabla ya siku ile. Na sikuona, kwa sababu mimi njia ile nilikuwa naipita gizani. Mtu anayeijua njia haangalii alama.

"Vyekundu," alisema Philena. "Kwa ajili ya mwezi wa kumi. Mwenzangu, nakupenda, lakini hata yule mbuzi wangu aliyekula pazia asingefanya hivyo."

"Nyamaza, Philena."

"Nimenyamaza."

"Nilizunguka mpaka jua likashuka," Orrin aliendelea. "Nikaanguka kwenye magogo, mguu ukavunjika. Yule mzee wa kuku ndiye aliyenirudisha kwa gari lake. Nikamwambia mama, kesho asubuhi mapema mpelekee Delphine habari kwamba nimeumia. Akasema atapeleka. Nikajua umepata habari."

Hapo nilipata nafasi yangu, na nitaisema kama ilivyokuwa. Nilikuwa nimenyang'anywa kisasi changu mbele ya watu, mikono yangu ilikuwa mitupu, na ghafla nikaona kimebaki kisu kimoja mezani. Nikakichukua.

"Habari nilipata," nilisema. "Alileta kibarua. Na kikapu cha matufaha. Bibi Stannard anasema mwanawe hatakuja, na poleni kwa usumbufu."

"Matufaha gani?"

"Mekundu. Mazuri. Alikuwa ameyafuta na kitambaa yakang'aa. Huyo ndiye mama unayetaka njia ya kwenda kumwona."

Nilimtazama usoni nilipokuwa namwambia. Nilitaka kuona. Nikaona, na Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja kulikuwa kutamu. Kisha nikamwona mtu wa miaka hamsini na mbili anamzika mama yake mara ya pili katika mwaka mmoja, na utamu ukaisha.

Alipozungumza, hakuwa ananiangalia mimi.

"Basi ndiyo maana," alisema. "Nilikuja baada ya siku nane. Kwa magongo, barabarani, mama akiwa kanisani. Nilifika mpaka getini pale. Nilidhani umejua nimeumia na hukuja hata kunitazama, lakini nikaja. Nikakuta mtu getini."

Kisu cha Lucien kikasimama.

"Lucien?" nilisema.

"Pai nzuri, dada."

"Lucien."

"Baba aliniagiza," alisema kaka yangu, akiitazama sahani. "Alisema yule kijana akitokea, mwambie ameshachumbiwa. Na ulikuwa umeshachumbiwa. Sikusema uongo."

"Alikuwa kwa magongo?"

"Alikuwa kwa magongo."

"Ulimwona mguu umefungwa, ukajua kwa nini hakuja. Hukuniambia."

"Ungevunja uchumba. Rosaire alikuwa rafiki yangu. Na baba..." Aliinua bega moja. "Mambo ya zamani hayo. Umeishi vizuri. Ulikosa nini?"

Ningemjibu, ila Orrin alisema kwa sauti ndogo, "Siku nane, Delphine. Hukuningoja siku nane. Uliningoja ngapi?"

Mezani sisemi uongo. Juu ya kitambaa cha mama yangu, Jumapili, sisemi.

"Tatu," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaikisia. Ndipo macho yake yakaenda mlangoni. Nilijua yanakwenda wapi, na sikuweza kuyazuia.

"Kile kikapu ni cha nani?"

"Chako."

"Nilikuwa nipewe lini?"

"Ukifika umechelewa."

"Na ningechelewa kwa nini?" Alikuwa ameshaelewa, lakini alitaka nitamke. Alikuwa na haki hiyo. "Hiyo njia inakwenda wapi, Delphine?"

"Inazunguka. Inakurudisha kwenye ukuta wako."

"Makaburini haifiki?"

"Inapita chini yake. Hatua arobaini, nyuma ya misonobari. Usingeona."

Philena aliweka uma wake chini polepole sana.

Nilingoja Orrin apige meza. Rosaire angepiga meza. Baba angeipindua. Orrin alikuwa ananiangalia, na sasa jua halikuwa machoni pake, na bado jicho moja lilikuwa limefumbwa.

"Uliikata kwa muda gani?"

"Wiki sita."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Ile miti mikubwa iliyolala kule kwenye kijito?"

"Kwa msumeno wa mkono."

"Wiki sita," alisema. "Kwa mkono. Nimeoa, Delphine, nimezika mke mwema, nimefanya kazi na watu mia nne kiwanda kimoja. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kazi kubwa kama hiyo." Akasimama. Kile kitambaa alikiacha pale pale kwenye ukingo wa sahani. Akachukua kofia yake, akainama akachukua na kikapu, akakipima uzito. "Basi nitaitembea yote. Mstari kwa mstari, kama ulivyopaka. Nina mchana kutwa."

Hakutoka kwa mlango wa mbele. Alipita nyuma ya kiti changu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni kwenye koti lake, akatokea jikoni, kama mtu wa nyumbani.

Nilikwenda dirishani nikafungua pazia. Alivuka malisho na kikapu mkononi, hana haraka, akafika kwenye pengo la ukuta wake. Pale alisimama. Aliinua uso kutazama mlima. Siku hiyo rangi zake zilikuwa zimefika kileleni. Kesho yake zingeanza kupungua, na hakuna mwaka ambao sijajua siku hiyo ni ipi. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akagusa ule mstari wangu mweupe wa kwanza kwa kiganja, kama mtu anavyogusa maji ya baraka akiingia, akapotea ndani ya wekundu.

Nyuma yangu Lucien alianza kula.

"Keti, dada, chakula kinapoa," alisema na mdomo umejaa. "Atazunguka, atachoka, atarudi kwake. Si ndivyo ulivyotaka?"

Ndivyo nilivyotaka. Ndivyo hasa, neno kwa neno, na nilipoyasikia maneno hayo kinywani mwa kaka yangu nikaona hapo ndipo yanapostahili kukaa, si kwangu.

Niligeuka. Nilihesabu kichwani Jumapili za miaka thelathini na moja. Alikuwa ananiambia nyama ina chumvi, ananiambia supu haina moto, na wakati wote ana siri ya lile geti mdomoni.

"Umekula kwangu muda wote huo," nilisema.

"Baba ndiye..."

"Baba yuko chini ya jiwe, nimemwombea asubuhi hii. Wewe uko hapa."

Nilichukua sahani yake mbele yake, pai ikiwa nusu, nikaiweka mezani mbele ya kiti cha Orrin. Ile tupu ya Orrin, yenye kitambaa ukingoni, nikamwekea yeye. Nikakinyoosha kitambaa vizuri na kidole, ili akione.

"Sasa kaa," nilimwambia. "Kaa hapo mpaka nirudi. Uangalie sahani tupu mbele ya watu, uone alasiri inavyokuwa ndefu."

Lucien alimtazama Philena apate msaada. Philena alikunja mikono kifuani, akamkazia macho kama shangazi alivyokuwa amekikazia kile kiti.

Sikuwa nimemsamehe mtu. Sikuwa nimemsamehe Bibi Stannard, wala baba, wala yule msichana wa miaka kumi na minane aliyekosa subira ya siku nane. Na Orrin mwenyewe sikujua kama nitampokea au nitamlaani tukionana. Lakini nilijua kwamba baada ya saa moja hivi atafika kwenye ile kona ya misonobari, na pale nimepaka mistari miwili, na yeye atageuka kama nilivyomwambia. Hatua arobaini tu za kufyeka, na njia itamfikisha kwa mama yake. Kutoka zizini ninaijua njia ya mkato, naweza kupita nimefumba macho.

Nyuma ya mlango wa jikoni kuna msumari, na kwenye msumari kuna mundu. Niliutungua, nikaupima ukali kwa kidole gumba, nikachukua na kopo la rangi. Philena alisogeza kiti chake nipite. Nikapita, nikatoka, sikumwambia mtu neno.